Shangazi, sauti yangu inauza magodoro Mwanjelwa na mimi sina nauli

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 25, naishi Uyole jijini Mbeya, na kwa miaka miwili sasa natangaza kipindi cha asubuhi katika kituo kimoja cha redio ambacho naomba nisikitaje. Kipindi huanza saa kumi na mbili na kwisha saa tatu, Jumatatu hadi Ijumaa, hivyo huamka saa kumi alfajiri, na kwa baridi ya Juni na Julai unayoifahamu hupanda bodaboda nikiwa nimejizungushia kanga mbili usoni ili koo lisikauke kabla sijafika. Niliingia kwa kujitolea, nikaahidiwa kwamba baada ya miezi mitatu ningepewa mkataba. Mkataba haujaja mpaka leo. Ninachopata ni posho ya nauli, nayo huja mwezi huu ikakosekana mwezi unaofuata.

Mwezi uliopita nilikuwa soko la Mwanjelwa nikichagua viazi, likapita gari la matangazo la duka la magodoro, na sauti iliyokuwa ikitoka kwenye spika zake ilikuwa ni yangu. Tangazo lile nililisoma mwaka jana, mara tu baada ya kipindi, nikiwa nimeambiwa kwamba lingerushwa redioni kwetu kwa wiki mbili. Muuza viazi aliponiona nimeduwaa na kiazi mkononi aliniuliza kama nimeibiwa, na sikujua nimjibu nini. Kesho yake nilimuuliza meneja, akaniambia kwamba sauti iliyorekodiwa kwenye studio ya kituo ni mali ya kituo.

Jambo la pili ni hili. Rafiki yangu aliyehamia Dar es Salaam anafanya kazi ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni. Alinitumia kipande cha mama anayefika hospitalini kumtafuta mtoto wake aliyepata ajali, nikakirekodi kwa simu chumbani kwangu, yeye akakipeleka kwa wakubwa wake. Majibu yalikuwa mawili: kwamba ninasoma wala siigizi, na kwamba r zangu zinageuka l. Nimekulia Tukuyu, Shangazi, na nyumbani tunaongea Kinyakyusa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijitahidi kuongea kama watangazaji wa Dar, mpaka wiki iliyopita msikilizaji mmoja akapiga simu kuuliza yule dada wa asubuhi amekwenda wapi.

Rafiki yangu anasema niende tu, kwani nafasi hupatikana mtu akishafika, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Baba yangu, ambaye ni mwalimu mstaafu, anasema redio si kazi, na kwamba kama nimeshindwa kurudi chuoni kumalizia stashahada ya uandishi wa habari niliyoiacha mwaka wa pili kwa kukosa ada, basi nitafute kazi inayoeleweka. Je, niache redio niende? Je, sauti yangu ina kasoro? Na fedha za lile tangazo, nina haki ya kuzidai au nitaonekana msumbufu?

Mwenye Sauti, Uyole

JIBU

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa sauti, maana ndivyo nilivyozoea kuyapima maandishi kwa miaka kumi na minane niliyokaa mbele ya maikrofoni mjini Iringa kabla sijaanza safu hii. Muuza viazi alikuuliza swali la maana kuliko wote wanaokuzunguka, nami nitaanza na swali lake, kwa sababu ukiondoka Mbeya kabla ya kulijibu utalikuta Dar es Salaam likikusubiri. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana: usiache redio mwezi huu, na usipande basi kwa tumaini la kwamba nafasi hupatikana mtu akishafika.

Ulipoingia kwa kujitolea ulikubali kufundishwa, na wengi wetu tuliingia kwa mlango huohuo. Lakini kufundishwa kuna mwisho wake. Mtu anayefungua matangazo saa kumi na mbili kila siku ya kazi, ambaye asipofika wasikilizaji hupiga simu kumuulizia, huyo hajitolei tena. Huyo anafanya kazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imetaja dalili ambazo hata moja tu ikionekana, mtu huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa hadi upande wa pili uthibitishe vinginevyo, na miongoni mwake ni kupangiwa saa za kazi na yule unayemfanyia, na kumfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Wewe una saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki. Hizo ni saa 60 kwa wiki nne, kabla hatujahesabu muda unaotumia kuandaa kipindi. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya mwaka huohuo, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa wake maelezo ya kazi na ya malipo kwa maandishi.

Nazitaja sheria hizi ili ujue umesimama wapi, si ili uingie nazo ofisini kama rungu. Andika barua ya ukurasa mmoja, ya adabu, ukumbushe tarehe uliyoanza, ahadi uliyopewa na kipindi unachokiendesha, kisha uombe mkataba kabla ya tarehe utakayoitaja. Toa nakala, na nakala hiyo isainiwe kwamba imepokelewa. Wakati huohuo anza kutunza ratiba za zamu zenye jina lako, jumbe za simu za kukuita kazini na rekodi za vipindi, na uziweke nyumbani, usiziache kwenye kompyuta ya kituo. Barua ikipuuzwa, au ukiondolewa kwa sababu ya kuiandika, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapohapo Mbeya, ambako mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Nimeona watangazaji wazuri wakifika kwenye Tume hiyo mwezi wa tano baada ya kuachishwa, wakiwa na machozi na ushahidi wa kutosha, na wasisikilizwe kwa sababu ya kalenda tu.

Sasa tuje kwenye magodoro. Meneja wako amechanganya mambo mawili, na huenda anaamini kwa dhati anachokisema, kwa kuwa naye alikikuta hivyo. Studio ni ya kituo, na rekodi iliyotengenezwa humo inaweza kuwa ya kituo pia. Lakini makubaliano yenu yalikuwa ya redio moja na wiki mbili, na hakuna mahali ulipokubali kupandishwa kwenye gari na kuzungushwa sokoni mwaka mzima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua watendaji, yaani wanaoimba, wanaoigiza au wanaoghani, na kuwapa kauli juu ya kurekodiwa na kunakiliwa kwa kile walichokitenda. Kwa hiyo hutakuwa msumbufu ukiuliza. Muulize meneja, kwa maandishi vilevile, nani aliipeleka rekodi kwenye lile duka, kwa malipo gani, na itatumika hadi lini. Fedha utakazopata kwa tangazo hili huenda zikawa kidogo. Ninachotaka upate ni kumfanya kila mtu katika ofisi ile azoee kwamba ukisoma kitu nje ya kipindi chako, jambo hilo lina bei na lina mwisho.

Na kuanzia sasa usisome tangazo lolote bila karatasi, hata iwe ni mistari minne iliyoandikwa kwa mkono, inayoeleza tangazo litatumika wapi (redioni, kwenye televisheni, mitandaoni au kwenye magari), kwa muda gani, utalipwa kiasi gani na lini, na kwamba rekodi yako haitatumiwa kuifundisha akili mnemba sauti yako. Hili la mwisho usilione dogo. Siku hizi dakika chache za sauti safi zinatosha kuifanya mashine iseme maneno ambayo hukuwahi kuyatamka, na wewe una miaka miwili ya sauti safi imelala kwenye kompyuta za watu.

Nimekaa sana kwenye karatasi kwa sababu hapo ndipo wasichana wenye sauti nzuri wanapoumizwa. Lakini najua lililokunyima usingizi ni lile la r na l.

Wale wakubwa wa Dar wamekwambia kweli, binti yangu, na wewe umeitibu kwa dawa isiyo yake. Kuchanganya r na l ni kosa la kazi kwa mtangazaji wa Kiswahili, kwa sababu linabadilisha maana: mahali si mahari, na anayesoma habari za uchaguzi akasema wananchi wamejitokeza kupiga kula ameiharibu habari yote. Ila kosa hilo liko kwenye ncha ya ulimi tu, na hurekebishika kwa wiki chache. Kwa l, ncha ya ulimi hugusa nyuma ya meno ya juu ikatulia, na pumzi hupita pembeni. Kwa r, hugonga mara moja na kuachia. Weka kidole kidevuni ili taya lisisaidie, kisha sema kula, kura, kula, kura, polepole, dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Ukishazoea, ingia kwenye maneno yanayobeba zote mbili, kama vile rasilimali, mlariba na serikali. Jirekodi kila Jumamosi usikilize ya wiki iliyopita. Pima pia mkazo, kwa kuwa barabara ya magari hukazwa karibu na mwisho, na barabara ya kusema jambo limekaa sawasawa hukazwa nyuma zaidi, na msikilizaji wa Tunduma huisikia tofauti hiyo hata kama hawezi kuieleza.

Kuiga watangazaji wa Dar ni jambo jingine kabisa, na hilo liache leo. Matamshi sahihi ni ya lugha, ni ya kila mtu. Lafudhi ya mtu mwingine ni nguo ya kuazima, na msikilizaji aliyepiga simu kukuulizia aliiona inakupwaya. Mwendo wako wa kusema, ule utulivu wa watu wa Rungwe wa kutoharakia mwisho wa sentensi, ndio uliomfanya azoee kukufungulia redio kila asubuhi.

Upande wa kuigiza una kazi kubwa zaidi, nami nina mengi ya kukwambia hapo kwa kuwa niliyapitia. Mtangazaji hufundishwa kumfikia msikilizaji; mwigizaji wa sauti humsahau msikilizaji na kumtazama mtu aliye naye ndani ya tukio. Mara ya kwanza nilipoitwa kwenye mchezo wa redio nilipewa nafasi ya mwanamke anayetoka kisimani, nikasoma maneno yake vizuri kama taarifa ya habari. Mwongozaji hakunikaripia. Alitoka nje, akarudi na ndoo iliyojaa maji, akanipa niishike kwa mkono mmoja na karatasi kwa mkono wa pili, akasema tuanze. Ilipofika sentensi ya tatu mkono ulikuwa unatetemeka na pumzi zinakatika zenyewe katikati ya maneno, na huyo ndiye mwanamke aliyesikika hewani. Wazee wako watakumbuka kipindi cha Twende na Wakati kilichoanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, na yule dereva wa lori aliyeitwa Mkwaju, mwenye wanawake kila kituo cha barabara kuu. Hakuna msikilizaji aliyemwona Mkwaju, lakini kwa watu wa njia hii ya Tunduma alikuwa mtu kamili mwenye lori lake, na watu walijadili tabia zake kama za jirani.

Sasa mchukue mama yule wa hospitalini. Wewe uliyasoma maneno yake. Safari hii, kabla ya kurekodi, kimbia kutoka barabarani mpaka mlangoni kwako, kisha sema “Mwanangu yuko wapi?” kwa muuguzi ambaye hajainua kichwa. Iseme tena kwa mtu unayemwona anatoka chumba cha upasuaji. Iseme mara ya tatu bila kutaka kujibiwa. Utapata sentensi tatu tofauti, na maneno hayajabadilika. Rekodi pia pumzi, kikohozi, ile sauti ndogo ya koo kabla ya kulia, kwa maana wanaoingiza sauti hulipwa kwa hizo pamoja na maneno.

Ufahamu vilevile kwamba kazi hiyo ina kipimo ambacho redioni hukukizoea, nacho ni mdomo wa mwigizaji aliye kwenye picha. Neno lako lianze anapofungua kinywa na liishe anapokifunga. Kiswahili chetu kina maneno marefu, na ndiyo maana “Nitakupigia baadaye”, ambayo ni silabi kumi, mara nyingi hukatwa ikabaki “Nitakupigia”, au “Baadaye” peke yake, kutegemea uso unasema nini. Fungua tamthilia yoyote, zima sauti, andika maneno ya Kiswahili yanayoenea kwenye midomo ile, kisha uyaseme ukiitazama. Fanya hivyo kila jioni kwa mwezi mmoja, na yule aliyesema unasoma hatalirudia neno hilo.

Kuhusu chumba: nyumba zetu nyingi huku zina bati, na mvua zimeshaanza, kwa hiyo hakuna blanketi litakaloizuia kelele ile. Rekodi usiku mvua ikitulia, ukiwa umeelekea kabati la nguo lililo wazi na blanketi zito limetundikwa mgongoni kwako, simu ikiwa umbali wa shibiri moja na imekaa pembeni kidogo ya mdomo ili p na b zisiipige. Usitume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa kuwa huibana sauti na kuifanya ikwaruze. Tumia faili la WAV, yaani la sauti isiyobanwa, na ulitume kama waraka. Koo likikauka, kunywa maji kidogokidogo, na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu mwone daktari wa masikio, pua na koo.

Baba yako ana haki katika jambo moja, na nakuomba umpe haki hiyo waziwazi. Kanuni za mwaka 2017 zilizotungwa chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa anayetaka kutambuliwa kuwa mwandishi wa habari, na bila hiyo utabaki kuwa mtu wa kuitwa na kuachwa. Nenda chuoni kwako ukaulize wanakutambua hadi hatua ipi uliyofikia na ada iliyobaki inalipwa kwa awamu ngapi. Mwezi utakaosaini mkataba wako wa kwanza, fedha ya kwanza iende huko.

Aliposema redio si kazi, hapo nakataa, kwa heshima zote. Kwa kuwa aliishi na Radio Tanzania nyumbani kama walimu wote wa rika lake, mkumbushe Sarah Dumba, aliyetangaza pale kisha akawa Mkuu wa Wilaya ya Njombe, jirani zetu. Mkumbushe Charles Hilary, ambaye sauti yake ilianzia hapa nyumbani ikasikika hadi BBC. Na kuhusu kuigiza kwa sauti, mwambie kwamba TBC ilirusha tamthilia ya Kichina yenye sauti za Kiswahili mwaka 2011, na kwamba mwaka 2016 kampuni ya StarTimes ilifanya mashindano ya uingizaji sauti hapa nchini, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyohiyo. Ni kazi ya watu wazima, yenye saa, mkataba na mwajiri.

Rafiki yako mjibu wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Mshukuru, kwa sababu amekufungulia njia, kisha muulize jina kamili la studio, kama wanalipa kwa kipande, kwa saa au kwa mwezi, kama malipo hutolewa kabla au baada ya tamthilia kurushwa, kama wanampa mtu mkataba kabla hajaingia kwenye chumba cha kurekodi, na kama wako tayari kukusikiliza upya ukiwa Mbeya. Asipoweza kujibu hata mawili kati ya hayo, nauli yako ibaki mfukoni. Akijibu yote, rudi kwangu tuongee tarehe ya safari. Kile kipande cha mama wa hospitalini kirekodi tena baada ya wiki nne za mazoezi na ukitume mwenyewe kwenye studio, kwa jina lako, bila kumpitishia mtu. Na kama usiku huo mvua itakuwa juu ya bati, ngoja wa kesho yake.